Springi fupi au koilova? Nimeendesha 86 yangu kwa vyote viwili

Tuta lililoamua habari hii yote liko kama mita mia mbili kutoka getini kwetu, Mbezi Beach. Wakazi walichanga wakalijenga ili bodaboda zipunguze mwendo karibu na shule ya watoto wadogo, na kwa hilo nawashukuru. Ila lilijengwa kwa kufikiria pikipiki: ni jembamba, limesimama kama tofali lililolazwa ubavu. Nimelipima kwa futi, lina sentimita 11 katikati. Toyota 86 ikitoka kiwandani inaacha sentimita 13 kati ya ardhi na sehemu yake ya chini kabisa. Baki ni sentimita mbili, na ukishusha gari unaanza kuzila hizo hizo.

Naanzia kwenye tuta kwa sababu wanaoniuliza "dada, niweke springi au koilova?" huniuliza nikiwa nimeegesha, gari limetulia, rimu zimejaa vizuri ndani ya fenda. Gari lililoegeshwa halijibu swali hilo. Linajibiwa kwenye tuta, kwenye rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) za Bagamoyo Road, na kwenye kona yenye kiraka cha lami katikati.

Gari lenyewe ni 86 GT ya 2013, gia za mkono. Niliiagiza Japani ikashuka bandarini Dar mwaka 2021 ikiwa na kilomita 71,000. Injini ni ile ya lita mbili ya Subaru ambayo pistoni zake zimelala, farasi 200, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na gari zima lina kilo kama 1,230. Halina nguvu za kutisha. Nililipenda kwa wepesi wake na kwa jinsi injini ilivyokaa chini: ukigusa usukani, pua inakwenda pale pale ulipotazama. Kwa hiyo chochote nitakachokigusa kwenye miguu yake, yaani springi na shokapu, kisiniharibie hilo. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na muonekano unafuata nyuma yake. Ingawa niseme ukweli, safari yangu ilianza kwa macho. Kati ya tairi na fenda ngumi yangu nzima ilikuwa inapita, na kila nikilitazama nilihisi kama nimevaa suruali fupi.

Kwa wasiojua tofauti: springi fupi ni springi tu. Unatoa zile za kiwandani, unaweka nyingine zilizo fupi na ngumu zaidi kidogo, shokapu zinabaki zako zile zile. Koilova ni mguu mzima: shokapu mpya pamoja na springi yake, na mwili wa shokapu umechongwa tredi kama bolti, ili uweze kupandisha na kushusha gari kwa kuzungusha nati kubwa. Nyingi zina pia kitufe juu cha kulegeza au kukaza shokapu yenyewe.

Agosti 2022 nilianza na springi. Nilichukua Eibach Pro-Kit, za Ujerumani, zinazoshusha 86 takriban inchi moja. Mpaka zinanifikia mkononi, usafiri na ushuru humo humo, nilikuwa nimetoa laki tisa na nusu. Ufundi laki na nusu, kwa fundi wangu wa Mwananyamala ambaye namwamini kuliko mashine yoyote ya kompyuta.

Siku hiyo nilikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini tangu saa mbili asubuhi, kwa sababu kazi hii napenda kuiona kwa macho. Mbele ya 86, springi imezunguka shokapu, na huwezi kufungua nati ya juu kabla hujaibana springi kwa klempu mbili. Klempu ikiteleza, springi inaruka kwa nguvu ya kumvunja mtu taya. Fundi alizikagua klempu zake mara tatu, akamwondoa kijana aliyekuja kuchungulia. Halafu akafanya jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza. Bolti za mikono ya chini ya nyuma, vile vyuma vinavyounganisha tairi na bodi, alizilegeza, akashusha gari likasimama kwa miguu yake, ndipo akaingia chini kuzikaza.

"Ukikaza likiwa juu ya jeki, bushi inabaki imejinyonga, dada," aliniambia. "Baada ya muda inachanika, halafu mnasema springi mbaya."

Ni kweli kabisa. Bushi ni raba ya kwenye maungio ya mikono hiyo; imeshikamana na chuma pande zote mbili, haizunguki, inajisokota. Ukiikaza mguu ukiwa unaning'inia, basi gari likisimama tu, bushi imesokotwa, usiku na mchana. Ukipeleka gari lako kushushwa, mahali popote, muulize fundi swali hilo moja: bolti za bushi unazikazia wapi? Jibu lake litakuonyesha kama uache ufunguo au uondoke nao.

Nilipima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kabla na baada. Mbele ilishuka milimita 24, nyuma 23. Gari lilipendeza. Na wiki za mwanzo liliendesheka vizuri kuliko nilivyotarajia. Jumapili alfajiri, Daraja la Tanzanite likiwa tupu na upepo wa bahari ukipiga ubavuni, gari lilikaa chini kimya, halikuyumba. Nikimaliza mzunguko nilikuwa natafuta sababu ya kuzunguka tena.

Mambo mawili yalikuja baadaye. La kwanza ni tairi, na kosa ni langu. Gari likishuka, kila pembe ya tairi inabadilika. Nyuma, tairi zinainama juu kwa ndani. Hiyo wanaiita kemba, na kwenye 86 ya kiwandani huwezi kuirekebisha kwa nyuma mpaka ununue mikono ya chini inayorefushwa. Karatasi ya alaimenti yangu, yaani ya kupima pembe hizo, ilisoma nyuzi 1.9 kushoto na 2.1 kulia. Kemba ya kiasi hicho peke yake haili tairi sana. Inayokula ni tou, yaani tairi kutazama ndani au nje kidogo badala ya mbele, na hiyo inarekebishika kwa dakika ishirini. Mimi niliahirisha wiki tatu kwa kubanwa na zamu za duka la dawa. Nilipokuja kupitisha kiganja upande wa ndani wa tairi za nyuma, nilikuta zimeliwa kama msumeno. Tairi za 215/45 R17 si mandazi. Alaimenti siku ile ile, au usifunge springi siku hiyo.

La pili ndilo kiini cha haya yote, na lilichukua karibu mwaka kujionyesha. Gari likaanza kudunda. Si kugonga, kudunda: unapita tuta, nyuma inapanda, inashuka, inapanda tena kidogo, ndipo inatulia.

Fikiria mlango wa wavu wenye springi, ule wa jikoni kwa bibi. Springi inauvuta ujifunge. Usipouzuia kwa mkono, unabamiza fremu, unarudi, unabamiza tena. Mkono wako pale ndio shokapu. Springi inabeba gari na kurudisha. Shokapu inaituliza isirudishe kwa fujo. Sasa mimi nilikuwa nimeweka springi yenye nguvu zaidi na kuuachia mkono ule ule, tena mkono uliokwisha kuchoka kwa miaka tisa na kilomita zaidi ya elfu themanini. Juu ya hapo, gari likikaa chini kwa milimita 24, na pistoni ndani ya shokapu inakaa chini kwa kiasi hicho hicho, karibu zaidi na raba ya kugotea, ile inayoisimamisha mwisho wa safari yake. Nafasi ya kushuka imepungua, kazi imeongezeka. Springi hazikuwa na kosa. Nilizipa mwenzi mzee.

Desemba 2023 tulikwenda Lushoto kwa mama mkwe. Shemeji yangu ana Subaru BRZ, pacha wa 86, kwa macho tofauti yao ni pua na nembo. Yeye alikuwa ameweka koilova za bei poa alizonunua mtandaoni, jina silitaji, na gari lake alilishusha karibu sentimita tano. Tulitoka Dar saa kumi alfajiri, Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo, na pale ndipo barabara inapoacha tambarare na kuanza kupanda milima ya Usambara. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona. Mwamba mkono mmoja, bonde mkono wa pili, malori ya mbogamboga yanateremka, lami nyembamba yenye viraka. Sijui barabara bora ya kukuonyesha miguu ya gari lako ilivyo, mradi uiendeshe kwa mwendo wa kistaarabu, kwa sababu watoto wa shule wanatembea pembeni.

Kwenye kona zenye lami safi yeye alinipita kwa raha. Gari lake halikuinama hata kidogo. Langu lilikuwa linaegemea, linatulia, linatoka. Lakini kwenye kona moja kabla ya Soni kulikuwa na kiraka kilichovimba katikati, na pale nilijifunza. Nyuma ya gari langu ilipanda ikashuka mara tatu, na kila ikipanda tairi zinapoteza uzito, mkia ukasogea nje labda kiganja kimoja. Kiganja tu, mwendo ulikuwa mdogo. Lakini ukingo wa bonde ulikuwa pale. Moyo ulinienda mbio mpaka Soni.

Soni tulisimama kunyoosha miguu karibu na maporomoko. Nikamwambia, "Shemeji, tubadilishane funguo." Nikapanda BRZ. Mita mia za kwanza nilifurahi: usukani mwepesi, jibu la papo hapo. Halafu ikaja sehemu yenye viraka mfululizo. Gari lile halikupita juu ya viraka, liliruka kutoka kimoja hadi kingine. Nikasikia mgongoni, nikasikia kwenye meno, na kila tairi ikining'inia kulikuwa na sauti ya chuma ikigonga chini ya miguu yangu: kang, kang. Yeye naye alifika Lushoto akiwa kimya. "Shemeji," aliniambia, "lako linaelea."

Jioni ile, uwanjani kwa mama mkwe, tulifanya kipimo rahisi ambacho kila mtu anaweza kukifanya. Unainua kifuniko cha mpira kinachozuia vumbi, unafunga ile kamba ya plastiki ya kubania waya kuzunguka chuma king'aacho cha shokapu, unaisukuma mpaka igote kwenye mwili wa shokapu. Unaendesha. Shokapu ikishuka inaisukuma kamba juu, ikirudi inaiacha pale. Ukirudi, kamba inakuonyesha ulifika wapi. Tulizunguka mpaka sokoni na kurudi, kilomita mbili. Kwa tochi ya simu tulikuta kamba za magari yote mawili zimesukumwa mpaka zikagusa raba ya kugotea. Yote mawili yalikuwa yanaendeshwa juu ya raba. Langu kwa sababu shokapu ilikuwa imechoka na imeshushwa; lake kwa sababu koilova zile zinashusha gari kwa njia moja tu, kuteremsha kikalio cha springi. Kila sentimita unayoshuka unaikata kwenye nafasi ya shokapu. Na ile kang, kang ilikuwa springi: kikalio kimeteremshwa sana mpaka tairi ikining'inia springi inabaki huru, inacheza, inagonga.

Tangu usiku ule nimeacha kulinganisha springi na koilova. Nalinganisha shokapu: hii niliyonayo imebaki na nafasi gani ya kushuka, na ile ninayotaka kuinunua itanipa nafasi gani.

Niliporudi Dar fundi alipangusa shokapu za nyuma kwa kitambaa, kesho yake zikawa na mafuta tena. Basi. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kubaki na springi zangu na kununua shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lililoshushwa. Bilstein wana B8, ambayo mwili wake ni mfupi makusudi kwa springi fupi. Usiichanganye na B6, ambayo ni ya gari lenye kimo cha kiwandani. Hii ni njia nzuri sana na ningeishi barabara nyingine ningeifuata bila kuwaza. Hakuna cha kurekebisha, hakuna tredi ya kuingia kutu, unafunga unasahau. Lakini kimo kingebaki kile kile. Na kile kimo kilikuwa sentimita 10.6 juu ya tuta la sentimita 11. Mwaka mzima nilikuwa napita pale kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine, na nikiwa na abiria wawili nyuma nawaomba washuke. Mama yangu ana magoti mabaya. Nimemshusha kwenye gari kwa ajili ya tuta, na sikutaka kurudia.

Kwa hiyo nilinunua koilova ili nipandishe gari. Najua wengi wanaifikiria kinyume.

Nilichagua Tein Flex Z, za kutoka Yokohama, Japani. Sababu kuu ni moja: urefu unarekebishwa kwa mguu wa chini. Yaani unalegeza nati ya kufungia, unauzungusha mwili mzima wa shokapu ndani ya kikombe chake cha chini, gari linapanda au kushuka, na nafasi ya pistoni haibadiliki hata milimita. Springi inabaki imekaa vile vile. Ndicho kilichokosekana kwenye BRZ. Sababu ya pili, zinakuja na mauntingi zake mpya za juu, vile vishikio vinavyofunga shokapu kwenye bodi, na zangu zilikuwa za mwaka 2013. Kasoro ya aina hii unapaswa kuijua kabla hujalipa: mwili umefungwa kabisa, ikichoka huifungui kujaza mafuta na kubadili sili, unanunua shokapu nyingine. Ukitaka za kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati ziko, KW, Öhlins na wengine, na bei yake iko mbali sana. Mimi sishindani mbio. Kwangu ilitosha.

Gharama mpaka mkononi: milioni tatu na laki nne. Ufundi laki mbili na nusu, alaimenti mara mbili kwa sababu springi mpya hutulia kidogo baada ya siku chache. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya springi peke yake. Lakini ukiongeza kwenye springi zangu shokapu nne mpya nzuri na mauntingi, ile tofauti inasinyaa haraka. Watu wanalinganisha bei ya springi na bei ya koilova kana kwamba shokapu zao za zamani ni za milele.

Februari 2024 tulizifunga, mwarobaini ule ule. Mbele nimeweka milimita 12 chini ya kimo cha kiwandani, nyuma 13. Ni nusu ya nilivyokuwa na springi. Chini ya gari sasa kuna sentimita 11.8, na tuta la getini napita nikiwa nimenyooka, polepole, mama akiwa ameketi. Mara ya kwanza nilisimama upande wa pili nikashusha kioo nisikilize kama kuna kitu kimegusa. Kimya. Nikarudi nyuma nikalipita tena.

Kitufe cha kukaza shokapu nilichukua mwezi kukielewa, na hapa nakuomba uwe na subira maana wengi wanaharibu raha yao wenyewe. Kina hatua 16. Unazungusha kulia mpaka kigome, hapo ni pagumu kabisa, halafu unarudi kushoto ukihesabu mibofyo kwa vidole, unaisikia: tik, tik, tik. Mbele unafika ukifungua boneti tu. Nyuma lazima utoe vifuniko vya ndani ya buti. Siku ya kwanza niliweka hatua ya 4 pande zote, nikijua ngumu ndiyo ya kispoti. Rasta za Bagamoyo Road zilinitikisa macho. Nikalegeza moja moja, nikipita barabara ile ile kwa mwendo ule ule, naandika kwenye simu. Nimetulia kwenye 10 mbele na 11 nyuma. Hapo gari linapita tuta, linapanda mara moja, linashuka mara moja, limekwisha. Ule mdundo wa pili haupo. Nikienda safari ya milimani nakaza mibofyo mitatu. Pasaka tulipanda tena Lushoto, nikapita kile kiraka kabla ya Soni kwa mwendo ule ule wa mwanzo. Mkia haukusogea. Nilitamani kupiga vigelegele peke yangu ndani ya gari.

Je, imekaa juu kuliko ilivyokuwa na springi? Ndiyo, na unaliona hilo kwenye picha. Kwa uendeshaji sijakosa kitu, na kuna sababu. Mbele ya 86 ni mguu wa aina ya MacPherson, shokapu yenyewe ndiyo nguzo. Ukishusha mguu wa aina hiyo sana, mkono wa chini unaelekea juu kama mtu aliyeinua bega, na ile nukta ambayo gari linainamia inazama haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Matokeo yake gari lililolala chini sana linaweza kutaka kuinama zaidi kwenye kona, ndipo watu wanaweka springi ngumu kama mawe kulizuia. Kushusha kidogo kunasaidia. Kushusha sana ni picha tu.

Sasa kwa anayeniuliza ana 86, BRZ, Altezza au gari lolote la aina hiyo. Kama shokapu zako ni nzima kweli, hazivuji, na ukibonyeza fenda gari linapanda mara moja na kusimama, na njia ya kwenu haina tuta la kikatili, chukua springi za kampuni inayoaminika zinazoshusha inchi moja au chini ya hapo. Utapata sehemu kubwa ya raha kwa pesa kidogo. Usikubali fundi akukatie springi za kiwandani kwa grainda. Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake. Kama shokapu ni za kwanza na gari limekwisha tembea kilomita elfu sabini na zaidi, usifunge springi fupi juu yake. Weka akiba miezi mitatu zaidi ununue seti kamili, iwe springi na shokapu fupi, iwe koilova zinazorekebishwa urefu kwa mguu wa chini. Na kama pesa iliyopo ni ya koilova za bei ya kutupa, bakiza gari kama lilivyo. Ya kiwandani yenye shokapu mpya inaishinda ile BRZ kwa kila kitu isipokuwa kupigwa picha.

Wanaoagiza Japani wasome karatasi ya mnada kwa makini, au wamwombe wakala awasomee. Ukikuta neno "shakocho", gari lina koilova tayari; "daun sasu" ni springi fupi. Hilo si baya, kule gari lazima libaki na walau sentimita 9 chini ili lipite ukaguzi, ila sentimita 9 kwenye mitaa yetu ni kilio. Omba picha ya shokapu kwa karibu. Tazama tredi: zikiwa zimejaa kutu ya chumvi ya barabara za theluji, hesabu kwamba hazitazunguka, na ujue mapema kwamba springi na shokapu za kiwandani zinaweza kuwa hazimo kwenye buti.

Kutu ni adui wetu pia, sisi tunaokaa na bahari. Hili ndilo ambalo springi zinashinda bila ubishi, kwa sababu hazina cha kuganda. Shemeji anakaa Kigamboni, na alipotaka kupandisha gari lake baada ya Lushoto, nati za mbele ziligoma kabisa. Zilitoka kwa nyundo na joto, na tredi moja ikaharibika. Mimi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi napuliza maji, nasugua tredi kwa mswaki mkuukuu, nakausha, napaka grisi nyembamba. Halafu nimezivika tredi kipande cha tyubu ya baiskeli, kimebanwa juu na chini, mchanga usiingie. Kazi ya nusu saa kwa miguu minne. Spana yake ya ndoano ninaiweka kwenye buti, imefungwa kwenye kitambaa isigonge.

Wiki iliyopita nilifunga tena ile kamba ya plastiki, mbele na nyuma, nikaenda kazini mjini na kurudi, matuta, rasta na foleni vyote. Nyumbani nikainama na tochi. Mbele imebaki milimita 17 kabla ya raba, nyuma 21.